Karadha ya Vidonge

Maktaba ya Bwana Abdulqadir ilikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe, mtaa wa Langoni, mji wa Lamu ambao wenyewe huuita Amu, na aliyeiweka wakfu alikuwa babu yake mzaa baba. Vitabu vyake havikuwa vya mtu anayetafuta hadithi za kumlaza. Vilikuwa vya muamala: ushirika, rehani, ijara ya kukodisha, na milango yote ambayo riba hupenyeza kichwa. Mtu akitaka kununua mashua na mwenzake bila kugusa mkopo wa benki, alikwenda kwa Abdulqadir. Ndugu wakigombania kodi ya nyumba ya urithi, walikwenda kwa Abdulqadir. Alikuwa amesomesha dini shule za serikali mpaka akastaafu, na sauti ya darasani haikumtoka. Hata akikuuliza habari za watoto, ulihisi unatahiniwa.

Lakini jina lake halikuvuka maji kwa ajili ya vitabu. Lilivuka kwa ajili ya kabati la dawa lililosimama pale pale maktabani, baina ya rafu mbili.

Kabati lilizaliwa darasani. Alhamisi moja baada ya Alasiri, Abdulqadir alikuwa akieleza karadha, ule mkopo wa wema ambao mtu humkopesha mwenzake bila kutaka ziada, na mkopaji hurejesha kama alichochukua. Akasema karadha si ya fedha tu. Hata kibaba cha mchele hukopeshwa. Bwana Jeilani, mpishi wa halua, mtu wa mzaha, akauliza kutoka nyuma: "Na zidonge je, Maalim? Nna zidonge za rangi mbili nyumbani, guu langu limeshapona, na jirani ana jipu." Watu wakacheka. Abdulqadir hakucheka. Usiku ule aliligeuza neno lile kitandani, na kulipokucha alikuwa ameshalipenda.

Watu wa Amu nao walilipenda, na wakipenda jambo hawalipendi nusu. Kila nyumba ina mfuko wa plastiki wenye dawa zilizobaki, umetundikwa msumarini au umesukumwa nyuma ya sahani za kaure, na mwenye nyumba huona haya kuzitupa kwa sababu zilinunuliwa kwa pesa. Sasa mifuko ile ilipata pa kwenda. Zikaja kapsuli za kikohozi, za meno, za vidonda, za homa ya mtoto aliyekwisha kuoa. Abdulqadir akaandika sharti kwa hati yake nzuri na kulibandika mlangoni: chukua kwa haja, ukipata nafuu rejesha kilichobaki, ni haki ya mwenzio. Aliyemeza dawa baada ya maumivu kwisha alikuwa, kwa hukumu ya Abdulqadir, amekula cha wakfu pasi na haja. Na hakuna mtu wa Langoni aliyetaka kufa na deni la namna hiyo.

Mkewe, Bi Tima, ndiye aliyewahudumia wanawake asubuhi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mshonaji wa kofia za mkono ambazo watu walizingoja miezi, na sukari ilikuwa mwilini mwake tangu alipomzaa Safaa, binti yao wa mwisho. Yeye alilipenda kabati kuliko wote. Akiumwa jino, alikopa. Akikohoa, alikopa. Akipata nafuu kidogo tu, hata kama hajamaliza siku ya pili, alirejesha mbele ya wanawake wote, ili waone kuwa mke wa Maalim hajipendelei.

"Kabati hili litatutangulia peponi," alimwambia mumewe siku moja. "Sisi tutafuata nyuma, mimi na maguu yangu yalokufa ganzi."

Abdulqadir alifurahi kusikia hivyo. Tusimlaumu kwa kufurahi. Yalimjia makubwa zaidi ya kumlaumia.

Daktari Nyaguthii alifika maktabani asubuhi moja baada ya mfungo, amejifunga leso kichwani kwa heshima ya mji, viatu mkononi. Alikuwa msimamizi wa kliniki ya sukari hospitalini, mtu wa bara aliyezoea Amu kiasi cha kujua kuwa haiwi vizuri kuanza na shida kabla ya kahawa. Akanywa kahawa. Akauliza vitabu vinahusu nini. Kisha akalitazama kabati, droo kwa droo.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "wagonjwa wangu wa sukari wanakuja na vidonda. Nawapa dawa ambazo zamani zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Sasa hazifanyi kitu. Nikiwauliza walitumia nini kwanza, wananiambia ni kabati."

"Na walipotumia za kabati, hawakupata nafuu?"

"Walipata. Hapo ndipo shida iko. Nafuu si kupona. Vijidudu dhaifu vinakufa kwanza, mtu anajisikia vizuri, anaacha dawa. Vile sugu vinabaki, vinazaana, na ile dawa vimeshaizoea. Kidonda kikirudi, kinarudi na hivyo tu. Na mtu wa sukari, mwili wake hauna nguvu ya kuvimaliza."

Abdulqadir alisikiliza kwa adabu, kidole katikati ya kitabu. Aliyaelewa maneno yote. Hilo ndilo lililomkera, kwamba aliyaelewa.

"Unataka nifanye nini, Daktari?"

"Ulifunge. Leo, kama unaweza."

"Nitalitazama jambo hilo," alisema Abdulqadir, na mtu wa Amu akikwambia hivyo amekwisha kukukatalia, ila amekuachia heshima yako. Nyaguthii alikuwa hajazoea mji kiasi cha kulijua hilo. Alishukuru, akavaa viatu vyake, akaenda.

Ukweli ni kwamba Abdulqadir alikuwa na wageni njiani. Shemeji yake Khatib, mume wa Fahima, mdogo wake Tima, alikuwa anakuja kutoka Faza na wazee wa msikiti wao kuliona kabati, wapate kufungua la kwao. Utamfungia vipi mlango mtu aliyepanda mashua kuja kukusifu? Alijiambia atalifunga wageni wakishaondoka. Kisha akajiambia atalipunguza tu, atoe dawa za vidonda abakishe nyingine. Kisha akaacha kujiambia.

Kabla wageni hawajafika alikwenda kumzuru Bwana Jeilani, ambaye alikuwa hajaonekana darasani kwa muda. Alimkuta amelala ukumbini, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya mto, umefungwa kitambaa. Ubani ulikuwa unawaka pembeni, mwingi kupita desturi. Hata hivyo harufu nyingine ilikuwa imeushinda, harufu ya utamu uliooza, na Abdulqadir alijikuta anapumua kwa mdomo.

"Wanataka kuukata," alisema Jeilani. Alikuwa amekonda na mzaha ulikuwa umemhama usoni. "Nimemeza za kabati mara tatu, Maalim. Kula mara nikimeza, hukauka. Nikirejesha tu, hufumuka upya. Lakini nakushukuru. Bila za kabati, saa hizi ningekuwa kaburini."

Abdulqadir alimsomea dua, na aliporudi njiani alitembea karibu na ukuta kama mtu anayekwepa jua, ingawa jua lilikuwa limekwisha kutua.

Wageni wa Faza walipokelewa vizuri. Tima alipika biriani na kaimati, Khatib akalikagua kabati kama anakagua mashua mpya, akafungua kila droo, akasema mashaallah mpaka ulimi ukamkauka. Wazee wakaliandika lile sharti la mlangoni, neno kwa neno. Abdulqadir alisimama katikati yao akajiona anaeleza, anafafanua, anatoa mifano, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko siku zote. Alimfikiria Nyaguthii mara moja tu, akamfukuza.

Wageni walipoteremka kwenda gatini, alipanda juu kumwambia mkewe jinsi chakula kilivyosifiwa. Tima alikuwa ameketi mkekani, kofia mapajani, anatembeza uzi. Alipoinuka kumpisha, Abdulqadir aliona alama juu ya ukili wa mkeka, nyevunyevu, ya rangi ya chai. Ilikuwa pale wayo wake ulipokuwa.

"Nini hiyo guuni?"

"Wapi?" Tima alijaribu kujitazama wayo, tumbo likamzuia, akacheka. "Mimi sioni wala sisikii kitu. Wiki ilopita ulikuwa umevimba kidogo, nikakopa za rangi mbili. Ulipotulia, nikarejesha."

Akapiga magoti, akaushika mguu wa mkewe, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya wayo palikuwa na kitundu cheusi, na ndani ya kitundu kitu kiling'aa. Alikivuta kwa kucha. Ikatoka sindano ya kofia, nzima, na nyuma yake ikafuata harufu aliyoijua. Ilikuwa ya nyumbani kwa Jeilani.

Tima alikuwa anamtazama usoni akitabasamu, anangoja kuambiwa ni nini. Hakusikia maumivu yoyote.

Nyaguthii hakumlaumu. Hilo lilimtesa Abdulqadir zaidi; alikuwa amejitayarishia lawama na majibu yake. Daktari alichukua usaha kwa kijiti, akaupeleka upimwe Mombasa, akaanza sindano za mshipani. Mguu ukavimba mpaka kifundo kikapotea. Majibu yalipokuja alimwita Abdulqadir nje, barazani.

"Dawa zote tulizo nazo hapa, mdudu huyu anazijua," alisema. "Iko moja Mombasa, ya vidonge, ni kali na ni ya mwisho. Lakini kwanza mguu utoke."

Wakampeleka Mombasa. Fahima alikuja kutoka Faza kumuuguza dadake, akalala mkekani chini ya kitanda. Mguu ulikatwa chini ya goti. Alipozinduka, Tima aliutazama siku nzima ule upande wa shuka uliolala bapa. Kesho yake, Fahima alipotoka kununua maji, alimwita mumewe kwa kidole.

"Babake Safaa. Wauguzi huzungumza mimi wakidhani nimelala. Wasema huko Amu kuna mahali watu hukopeshana dawa. Wasema ndiko wadudu hawa watokako." Alivuta pumzi. "Nambie kweli. Ni kabati?"

Wodi ilikuwa na wagonjwa wengi na feni moja. Abdulqadir aliyatazama macho ya mkewe, akaona yanaomba kitu kimoja tu, asipokonywe na hili, na yeye naye hakuwa na haja kubwa kuliko hiyo.

"Ni ile sindano ya kofia," alisema. "Sindano tu, Tima. Kabati halina makosa."

Tima alifumba macho na uso wake ukalegea. "Alhamdulillahi," alisema. "Niliogopa sana." Mkono wake ukatafuta mkono wa mumewe juu ya shuka, ukaushika mpaka alipolala.

Vidonge vile vya mwisho vilifanya kazi. Homa ilishuka, kigutu kikaanza kufunga, Tima akarejewa na rangi na ulimi wake. Walipowaruhusu, daktari wa Mombasa alimwambia Abdulqadir, na akamwambia Tima mwenyewe, vidonge vimezwe asubuhi na jioni mpaka vimalizike vyote, hata akijisikia mzima. Abdulqadir aliapa. Walipofika Amu alimpa mwenyewe kwa mkono wake, akasimama akamtazama anavyomeza. Kabati alilitia kufuli, na walioliuliza aliwajibu kuwa analipanga upya.

Kisha watu wa ushirika wa mashua wakagombana, wakamjia. Kisha Ijumaa ikapita, na nyingine. Akarudi maktabani asubuhi. Akirudi nyumbani humuuliza mkewe kama amemeza, na Tima hujibu kuwa hilo limekwisha. Hakusema uongo.

Fahima, aliyefuatana nao mpaka Amu, aliporudi Faza aliagwa kwa machozi na mfuko wa halua. Siku chache baadaye, Abdulqadir alipanda juu mchana akamkuta Tima amejifunika leso mbili, anatetemeka, na jua la Amu linawaka nje. Alikifungua kigutu. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevutika, na kwenye mshono palikuwa pamepasuka. Harufu ilikuwa imerudi.

Alimpigia Nyaguthii. "Vile vidonge vya Mombasa bado unavyo?" daktari aliuliza. "Havijafika mwisho, nimezihesabu siku mwenyewe. Mpe sasa hivi na umlete."

Akavitafuta. Akafungua droo ya kitanda, sanduku la uzi, kikapu cha kofia. Tima alimfuata kwa macho yaliyong'aa homa.

"Watafuta zidonge? Haziko." Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeficha zawadi. "Niliposikia nafuu niliacha. Zile ni dawa kali, babake Safaa, dawa za watu mahututi. Nimeze na mimi nimepona, nimkoseshe mwenye haja? Nimempa Fahima azipeleke kabati la Faza. Limefunguliwa. Wamelipa ina langu, laitwa Kabati la Tima." Akatweta kidogo. "Sikutaka kukwambia mapema, ungelizuia kwa huruma. Lakini sharti ni lako. Sikukuaibisha."

Abdulqadir alisimama na kikapu mkononi. Akatoka ukumbini, akampigia Khatib. Ilichukua muda kupokelewa, na nyuma ya sauti ya Khatib palikuwa na watu wengi wanazungumza kwa furaha.

"Khatib, zile dawa za Tima. Zirejeshe. Panda mashua sasa hivi."

"Zidonge zile?" Khatib alisema. "Shemeji, zimeshapata wenyewe. Huku wagonjwa wa sukari wenye vidonda ni wengi, hukujua? Tuligawa kwa uadilifu, kula mtu zake chache, asikose hata mmoja. Na wallahi zina nguvu. Wote yeo wasema wamepata nafuu. Waambie wa Amu, na Pate nao wametuma mtu, wataka kufungua." Akashusha sauti kwa heshima. "Bi Tima hajambo? Watu hapa wamuombea. Hii ni sadaka jariya, Maalim. Itaendelea kumfikia hata akiwa hayuko."

Simu ilibaki sikioni baada ya Khatib kukata. Chini njiani mtu alikuwa anaswaga punda waliobeba mchanga, akiwakemea kwa majina. Abdulqadir alirudi ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo mguu ungekuwa.

"Wamezipata?" Tima aliuliza. "Zimewafaa?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa karibu, na lilikuwa na ukweli wa kutosha kumridhisha mtu mwenye homa. Lakini alimtazama, akaona kuwa hapatakuwa na siku nyingine ya kulisema lile lingine.

"Tima," alisema, "siku ile Mombasa uliniuliza."

Akamweleza. Alimweleza habari ya Nyaguthii na kahawa, ya Jeilani na ubani, ya wazee wa Faza wakinakili sharti, na yeye amesimama anajua. Alimwambia nafuu ni nini na kupona ni nini. Hakujitetea kwa aya wala kwa hadithi, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Tima alisikiliza bila kupepesa, meno yakigongana kwa baridi.

Alipomaliza, alingoja alie, au amtukane.

"Nilikuuliza," alisema Tima. "Nilikuwa na dawa mkononi, ningezimaliza. Na nilikuuliza."

Kisha akageuza uso ukutani. Abdulqadir alimwita kwa jina, akamwita kwa jina la binti yao, hakugeuka. Akateremka kutafuta watu wa kumbeba mpaka hospitali. Njiani wanawake wawili walimsimamisha, mmoja na mtoto mwenye kidonda begani. Walimuuliza, kwa adabu zote, kabati litafunguliwa lini.